Adolphe wa Mudzipela

Alhamisi ile, saa nne za asubuhi, mwalimu Firmin aliwaachia wanafunzi wake wa darasa la tano hesabu nane ubaoni, akatoka na simu mfukoni, akazunguka nyuma ya ukuta wa shule, mahali walimu wenzake wanapovutia sigara. Yeye havuti. Alikwenda kupiga simu kwenye redio, na aliyeketi ndani ya redio wakati ule, mbele ya mikro, alikuwa mke wake.

Redio ndogo ya mlinzi wa shule ilining'inia kwenye msumari wa dirisha, nayo ilimletea Firmin kila neno. Pétronille alikuwa mgombea wa ubunge wa jimbo, mwanamke pekee kwenye orodha ya chama chake. Wiki nzima alikuwa amejiandaa kuzungumza juu ya maji. Kwa miaka minne alikuwa ameongoza kamati ya bomba la mtaa wao, na ni kwa sababu ya bomba lile watu walimfahamu. Lakini Josaphat, mtangazaji wa kipindi, alikuja na maswali yake mwenyewe.

“Madame candidate, wasikilizaji hawakuoni, basi mimi nitawaelezea. Amevaa kikwembe ya maua, imeshonwa vizuri sana, na ku kichwa kitambaa ya rangi ile ile. Nani alikushonea?”

“Fundi mumoja wa soko. Bwana Josaphat, tangu mwezi wa ine bomba letu linatoa maji siku mbili tu kwa juma, na wamama wanaamka...”

“Tutafika ku maji, madame, tutafika. Bwana yako alikubali ufanye politike?”

“Alikubali.”

“Alikubali kwa mudomo ama kwa barua?”

Watu waliokuwa studio walicheka. Siku mbili kabla, Isidore, mgombea wa orodha ile ile, alikuwa ameketi kwenye kiti kile kile. Aliulizwa juu ya barabara ya Iga Barrière, juu ya watu waliokimbia vijiji vyao na sasa wanalala chini ya maturubai, juu ya kodi, juu ya askari. Hakuna aliyeuliza suruali yake ilishonwa na nani, wala kama mke wake alimpa ruhusa.

Firmin alikuwa amevisikiliza vipindi vyote viwili, na tofauti hiyo haikumpita. Lakini asubuhi ile masikio yake yalitafuta kitu kingine. Yalisikiliza jinsi Pétronille alivyocheka kidogo kabla ya kujibu, kicheko kifupi cha mtu anayejua kwamba wengi wanamsikia. Nyumbani kicheko kile hakikuwa kimesikika tangu kampeni ianze. Firmin alibonyeza namba, ikaita mara mbili, ikashikwa.

“Allô, tuko na nani?”

“Bonjour, Josaphat. Hapa ni Adolphe.” Alibana pua kidogo kwa vidole viwili, akataja mtaa usio wake. “Adolphe wa Mudzipela.”

“Karibu, papa Adolphe! Question yako.”

“Question yangu ni kwa madame. Huyu madame anatoka asubuhi, anarudi jua iko inaanguka. Ule bwana yake, nani anamupikia? Na ile gari yenye kumurudisha, huyu mwenye kuiendesha ni ndugu yake, ama ni nani?”

Studio ikachangamka. “Oh, oh! Papa Adolphe, umepiga mule mule! Madame?”

Firmin aliikaza simu sikioni.

“Aksanti, papa Adolphe,” Pétronille alisema polepole. “Mwenye kuendesha gari anaitwa Eddy. Bwana yangu anamujua vizuri, ni yeye alimufundisha darasa la tano. Na chakula, bwana yangu anakula. Jana alikula majani ya sombe na samaki ya makayabu, akaongeza, kisha akasema chumvi ilikuwa kidogo. Leo nimemuachia maharagwe ndani ya sufuria ya buluu. Niliifunika na sahani sababu ya paka ya jirani.” Akaongeza: “Kama weye uko na njaa, papa Adolphe, ata weye uende ukule. Unajua njia.”

Josaphat hakuwa mjinga. Alicheka mpaka akakohoa. “Papa Adolphe, uko na bahati! Lakini papa, ngoja kwanza. Sauti yako hii iko kama ya mwenye kusoma matangazo ku misa ya pili...”

Firmin alikata. Akaizima simu nzima. Alipopita mbele ya dirisha, mlinzi alikuwa anajifanya anatafuta stesheni nyingine.

“Mwalimu,” mlinzi alisema bila kumwangalia, “habari za Mudzipela?”

*

Saa sita alirudi nyumbani. Kavira, jirani aliyehamia kutoka Butembo, ambaye aliuza maharagwe na unga mbele ya parsel yake, yaani kiwanja cha nyumba yake, alimwona akiwa bado mbali.

“Papa Adolphe!” aliita. “Unakimbilia sufuria?”

“Kavira, uniache.”

“Minakuacha. Lakini weye mwalimu! Kila siku ya Mungu ku kanisa unatusomea matangazo: nani anaoa, nani amekufa, nani amepoteza mbuzi. Sauti yako, ata watoto wa ku mugongo wanaijua. Kisha unaenda kujificha ndani ya sauti hiyo hiyo? Na vidole ku pua! Siye wote tulisikia vidole.”

Wateja wawili wa Kavira walitazama chini, mabega yakitikisika. Firmin aliingia, akafunga mlango. Sufuria ya buluu ilikuwa pale, na sahani juu yake. Aliketi mbele yake, akaapa kwamba hataigusa. Kisha akala, akaongeza.

Patricia, binti yao wa miaka kumi na saba, alirudi kutoka shule saa nane, akasimama mlangoni na mfuko wake wa vitabu.

“Papa, ku shule wako wanasema ni weye uliita ku redio.”

“Nani wanasema?”

“Wote.”

“Na weye ulisema nini?”

“Nilisema hapana. Nilisema papa yangu hawezi.” Alimwangalia baba yake usoni, akaona, akaacha kumwangalia. Aliweka mfuko chini taratibu, akachukua bidoni za maji, akatoka.

Firmin alikuwa amejitayarisha kwa vita. Alikuwa na sentensi zake, moja moja, za kujibu kila neno ambalo Pétronille angesema. Gari lilisimama mbele ya parsel jua likiwa bado juu ya paa za bati. Siku hizo hakuna mgombea aliyependa giza limkute barabarani. Pétronille aliingia, akavua viatu.

“Papa Patricia, salama?”

“Salama.”

“Ulikula?”

“Nilikula.”

“Chumvi?”

“Ilitosha.”

Na hayo tu ndiyo yaliyosemwa. Kesho yake Pétronille hakusema kitu kuhusu redio, wala keshokutwa. Alimsalimu, alimpikia, alimwekea maji ya kuoga, alimwuliza habari za shule. Firmin alitembea na sentensi zake tumboni kama mtu aliyekula ugali wa jana, na hapakuwa na mahali pa kuzitapika.

Jioni walisali pamoja, watatu, kama kawaida ya nyumba ile. Patricia aliongoza. “Bwana, umusaidie mama ku kazi yenye ameanza,” akasema, nao wakaitikia, “Tunakuomba, utusikie.” Midomo ya Firmin ilienda pamoja na yao. Lakini tangu kampeni ianze alikuwa na sala yake nyingine, ambayo hakuwahi kuipa sauti hata kwa padri wa maungamo. Alimwomba Mungu mke wake aanguke. Si kuanguka kwa aibu kubwa, hapana. Kuanguka kidogo tu, kwa kura chache, arudi nyumbani na huzuni ya kiasi, huzuni ambayo yeye Firmin angeweza kuituliza. Alijua kwamba sala kama hiyo haina mlango wa kuingilia mbinguni, ila kila jioni aliituma.

*

Shina la uchungu wake lilikuwa dogo, ndiyo maana hakuweza kumweleza mtu. Miezi mitatu kabla, Néhémie, mkuu wa chama, alikuwa ametuma habari kwamba atapita nyumbani kwa mwalimu pamoja na wajumbe wawili. Firmin alipiga pasi shati. Alivaa koti jeusi la ndoa yao. Aliandaa hata maneno ya kukataa kwanza, kwa adabu, kabla ya kukubali. Wageni waliketi, wakanywa chai, wakamsifu kwa kazi ya shule na ya kanisa, kisha Néhémie akageuza kiti chake kuelekea mlango wa nyuma, ambako Pétronille alikuwa anaosha vikombe.

“Bon, mwalimu,” akasema, “tunakuomba tuongee na mama.”

Firmin alikaa ndani ya koti lile saa nzima, jasho likimtiririka, wala hakulivua, maana kulivua kungekuwa ni kukiri alikuwa amelivalia nini. Tangu siku hiyo watu wa sokoni, ambao zamani walisema “bibi ya mwalimu”, walianza kusema “bwana ya madame”.

Na sasa alikuwa amejulikana kwa jina la tatu. Josaphat alikikata kipande kile cha mazungumzo na kukifanya tangazo la kipindi chake. Mara kumi kwa siku, baada ya habari za mazishi, mji ulisikia sauti ya Firmin yenye pua iliyobanwa: “Nani anamupikia?” Halafu kicheko. Halafu: “Alhamisi, saa ine, musikose!” Redio nyingine, kwa kuona wasikilizaji wanahama, ikafungua mjadala wa siku tatu: mwanamke wa politike aache jiko ama asiache? Waliitwa wachungaji, waliitwa wafanyabiashara, aliitwa mganga wa miti shamba. Pétronille hakuitwa.

Vijana wa pikipiki walimpa jina. Alipopita, walipiga honi na kuimba, “Mama Sufuria! Mama Sufuria!” Picha yake iliyobandikwa kwenye ukuta karibu na soko ilichorewa sufuria kichwani kwa makaa. Firmin aliiona akielekea shuleni. Ilikuwa imechorwa vizuri, na mishikio yake miwili. Alisimama pale, na Mungu ndiye shahidi wake, kitu cha kwanza kilichomjia moyoni kilikuwa furaha, nyembamba kama uzi. Kitu cha pili kilikuwa hofu ya furaha ile.

Jumapili alisimama mbele ya kanisa na karatasi yake. “Matangazo ya juma hili,” alisoma. “Kuna matangazo ya ndoa, mara ya kwanza.” Kutoka benchi za nyuma mtu alisema kwa sauti ya chini, “Adolphe!” Kicheko kilipanda benchi kwa benchi mpaka kwenye kwaya. Padri alikohoa. Firmin alisoma mpaka mwisho, majina yote, bila kukosea hata moja. Upande wa wanawake, Pétronille, aliyekuwa ametoka kwenye homa ya usiku, katika kikwembe cha umoja wa wamama, alitazama mbele tu, shingo imenyooka. Wanawake wa kulia na kushoto kwake walikuwa wameacha nafasi kidogo kati yao na yeye, nafasi ya mtu mwembamba kukaa.

*

Jumatatu jioni Néhémie alikuja peke yake. Hakunywa chai.

“Mwalimu, mama, siye wa chama tuko na shida. Watu hawasemi tena programu. Wanasema sufuria. Nimeongea na Josaphat. Alhamisi atatoa saa muzima. Mwalimu aende pale, aseme mbele ya watu kwamba alimupa bibi yake ruhusa. Basi, inaisha.”

“Na asipoenda?” Pétronille aliuliza.

“Mama, mafuta ya gari iko bei kali. Asipoenda, gari na Eddy watapita upande wa Isidore. Hatuwezi kubeba mutu mwenye mji unamucheka.”

“Président, minauliza kitu. Bibi ya Isidore alienda ku redio kumupa ruhusa?”

“Mama, usilete ile.”

“Minauliza tu.”

“Isidore ni mwanaume!”

“Aksanti. Nilitaka usikie vile unasema.” Alifuta meza iliyokuwa safi. “Basi gari uchukue. Nitatembea. Pa mbali nitalipa pikipiki. Huyu sitamuomba.”

Alisema “huyu” bila kumwangalia Firmin, jinsi mtu anavyotaja kabati. Firmin alikaa palepale, mikono juu ya magoti. Alikuwa anangoja. Pétronille angegeuka tu, angesema, “Papa Patricia, unisaidie,” yeye angekwenda siku ile ile, angekwenda mbio bila koti. Alitaka kuombwa. Lakini Pétronille alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, akarudi, akaanza kuchambua mchele. Mawe madogo yalianguka kwenye sahani, tik, tik, na Firmin aliyahesabu mpaka akaona haya.

Kesho yake simu iliita wakati wa mapumziko.

“Mwalimu! Ni Josaphat. Usikate, minakuomba. Umenikasirikia?”

“Unataka nini?”

“Minataka uje. Uje peke yako, si kwa ajili ya chama. Watu wanaulizia weye, si yeye. Na nitakuambia kitu, mwalimu, minafanya kazi hii tangu miaka saba: sauti kama yako sijasikia. Ata ulipobana pua! Unaipoteza na chaki.”

Firmin alipaswa kukata. Alisema atafikiri. Usiku ule, wakati Patricia anasali, hakusikia neno hata moja, maana alikuwa anajisikiliza mwenyewe akisema kwenye redio.

*

Alhamisi Pétronille alitoka mapema, kwa miguu, na viatu vya plastiki, akielekea Bankoko ambako wanawake wa mtaa walikuwa wamekubali kukutana naye. Hakuuliza Firmin ataenda wapi. Firmin alimwomba mwalimu mwenzake amshikie darasa, akavaa koti jeusi.

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa vikasha vya mayai ukutani ili sauti isitoke. Alikuwa amemwaza Josaphat kama mtu mwenye pembe. Alikuta kijana mwembamba mwenye mafua, aliyemkaribisha kwa mikono miwili, akamvalisha vispika vya masikioni kwa uangalifu, kama mtu anayemvalisha baba yake kofia.

“Mabibi na mabwana, ni yeye mwenyewe! Adolphe wa Mudzipela! Mwalimu, tuanze kabisa. Madame ulimupa ruhusa, ama hapana?”

“Ruhusa...” Firmin alianza. Sauti yake ilimrudia masikioni, nzito, safi, kubwa kuliko alivyopata kuisikia kanisani. Ilimfurahisha. “Ruhusa, nyumba ni utaratibu. Kila mutu iko na nafasi yake.” Na kutoka hapo maneno yalikuja yenyewe. Alieleza juu ya simu zinazoita wakati wa chakula. Alieleza juu ya kiti kitupu. Alieleza jinsi mwanaume anavyoweza kuwa mgeni katika parsel aliyoijenga matofali kwa matofali. Hakumtukana mke wake hata mara moja. Alisema kwa huzuni, na huzuni ile ilikuwa tamu. Josaphat alitikisa kichwa, akafungua simu za wasikilizaji.

“Mwalimu, kaza!” alisema wa kwanza. “Mwanamuke akishika mikro, ameshaacha nyumba.”

“Hawa wa politike wote ni wale wale,” alisema wa pili. “Weye ni mupole sana. Ungemukata makofi mbili siku ya kwanza, leo angekuwa anapika.”

Mji wote ulikuwa upande wake. Firmin alikuwa ameutamani mji huu kwa miezi mitatu, na sasa ulikuwa umekaa magotini pake. Mbona ulikuwa unanuka?

Wa tatu alikuwa na sauti laini, ya mtu aliyesoma. “Mimi ni jirani. Jina yangu sitataja, muielewe. Mwalimu, pole sana. Siku ya posho, siye tulimuona madame anaingia ku hoteli moja ya hapa katikati ya mji, yeye na président wa chama. Alitoka kesho yake asubuhi. Mwalimu, ulikuwa unajua?”

Josaphat aliinuka nusu kwenye kiti chake. “Oh! Mwalimu. Ulikuwa unajua?”

Siku ya posho, yaani Jumamosi iliyopita. Jumamosi ile Pétronille alilala nyumbani na malaria. Firmin ndiye aliyemwekea kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, bila kusemezana, na Pétronille katika homa alimshika kidole cha mwisho cha mkono, akakishika mpaka alfajiri. Hakukuwa na mtu mwingine duniani, ila Patricia, aliyejua mahali mke wake alipolala usiku ule. Na mtu mwenye sauti laini alikuwa anangoja jibu, na mji ulikuwa unangoja, na Firmin aliona kwamba akinyamaza tu, bila kusema hata neno, uongo ule utakuwa wake.

Alivua vispika. Sauti yake mwenyewe ikatoka masikioni.

“Huyo amesema uongo,” alisema. “Siku ya posho bibi yangu alikuwa nyumbani na homa. Nilikuwa naye.”

“Labda mwalimu ulilala usingizi...”

“Sikulala. Josaphat, huyo amekataa kutaja jina. Mimi pia nilikataa. Adolphe hayuko, wala Mudzipela sina mutu. Ni mimi Firmin niliita hapa, nikabana pua, nimuaibishe bibi yangu. Mulimupa jina ya Mama Sufuria, lakini ile sufuria ni mimi niliileta.”

“Kwa nini, mwalimu?” Josaphat aliuliza, na kwa mara ya kwanza aliuliza kweli.

“Wivu. Si wivu wa gari. Eddy ni mutoto wangu wa darasa. Siku chama kilikuja nyumbani, nilivaa koti hili. Nilifikiri wamekuja kwa ajili yangu.” Akafuta uso. “Munauliza kama nilimupa ruhusa. Na mimi, kusoma matangazo ku kanisa, nani alimuuliza bibi yangu kama amenipa ruhusa? Sasa, mutu aulize juu ya maji. Bomba letu linatoa siku mbili kwa juma, na bibi yangu iko na plan yake, ameandika kurasa sita...”

Josaphat aliweka muziki.

*

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, lakini Firmin alitumia mchana karibu wote. Mbele ya kituo cha pikipiki vijana walisimama wote. “Mwalimu! Mwanaume ya kweli!” Mmoja alikataa kabisa kumwona akitembea kwa miguu, Firmin alimshukuru, akasema anapendelea kutembea. Wamama wa soko walimshika mikono. “Mungu atupe wanaume kama weye,” walisema, na mmoja alifuta machozi kwa ncha ya kikwembe. Néhémie alipiga simu akipiga kelele: gari linarudi, mafuta yapo, na baada ya miaka mitano, nani ajue, chama kinaweza kumfikiria mwalimu mwenyewe. Josaphat alituma ujumbe: tangazo la kipindi limebadilika. Kutoka redio ya duka la dawa Firmin alijisikia akisema, “Wivu. Si wivu wa gari,” na nyuma yake piano.

Alichagua kupita barabara ndefu, ile ya mbele ya kanisa.

“Leo uko Firmin,” Kavira alimwambia, na hakuongeza kitu.

Jua lilikuwa bado kwenye matofali ya ukuta alipoingia. Patricia alikuwa amekwenda bombani. Pétronille alikuwa ameketi nyuma ya nyumba kwenye kiti kifupi, miguu yake ndani ya karai la maji ya chumvi. Vidole viwili vilikuwa vimechubuka. Firmin alisimama mbele yake na koti lake.

“Ulisikia?”

“Nilisikia. Bankoko yote ilisikia.” Alikuwa anamwaga maji juu ya kifundo cha mguu kwa kiganja. “Nilikuwa nimeanza kusema. Wakasema, mama, ungoje kwanza, mwalimu iko ku redio. Wakaleta redio katikati. Tukakusikiliza.”

“Nilikutetea.”

“Ndiyo. Ulisema vizuri. Wamama walipiga makofi, wengine walilia.” Alikamua kitambaa. “Ilipoisha, niliwaambia waulize maquestion. Waliuliza tatu. Bwana kama ule ulimupata wapi. Mulioana mwaka gani. Ni kweli analia nyumbani. Ya maji, hakuna mwenye aliuliza. Kisha wakaenda kupika.”



“Sikujua itakuwa vile,” alisema Firmin.

“Najua haukujua.”

“Lakini nilikiri, Pétronille. Mbele ya kila mutu.”

“Mbele ya kila mutu,” alikubali. Alimwinulia uso, na Firmin aliona jinsi alivyochoka, uchovu wa wiki nzima ya kutosema kitu. “Ulimuambia Josaphat. Uliambia Bankoko na Mudzipela na soko. Ulipoingia hapa, mimi umeniuliza tu kama nilisikia.”

Nyuma ya ua watu walipita wakiongea. Mtu alitaja jina lake, Firmin, kwa heshima, na hatua zao zikaenda. Halafu hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mikro, wala karatasi, wala benchi zilizojaa. Firmin alichuchumaa mbele ya karai. Alitafuta maneno ambayo saa chache kabla yalikuwa mengi, mazuri, yenye kupangika, akakuta yote yamebaki kule mjini. Neno lililomtoka halikuwa la sauti ya kusomea matangazo. Lilikuwa dogo, kavu, kama la mtoto anayepiga magoti kuungama mara ya kwanza.

“Unisamehe.”

Maji yalicheza kidogo ndani ya karai, yakatulia.

“Sijasikia,” alisema Pétronille, bila hasira na bila kucheka. “Sema tena.”